Mstari wa Kambambili

Inspekta Pontien alimkuta Aline amekaa kwenye saruji ya kasho, chumba cha mahabusu, miguu mitupu. Walimvua kambambili zake mlangoni, zile sandali za plastiki ambazo Uvira nzima inazivaa, eti asije akajidhuru nazo. Ndiyo amri, alisema askari wa zamu. Amri za namna hiyo hazikosekani nchi hii. Za kuleta dawa ndizo hukosekana.

"Simama, mutoto yangu. Tuanze tena."

"Afande, jana nilisema yote."

"Jana ulilia. Leo utasema."

Akamtoa nje, akamkalisha kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi, mahali penye hewa. Alikuwa msichana wa Kilibula, mtaa wa kando ya ziwa, mwembamba, sauti imemkauka. Kazi yake ilikuwa monitrice, yaani kuchezesha watoto wa wageni kwenye kijiji cha mapumziko kando ya ziwa, kusini mwa mji. Juzi mmoja wa watoto hao hakurudi kutoka majini. Jina lake Jeancy, miaka sita, alikuja na wazazi wake kutoka Sange kupumzika baada ya mavuno ya mpunga. Jana alfajiri ziwa lilimrudisha lenyewe. Baba yake akafika kituoni na suruali ingali imelowa, akaweka malalamiko: monitrice ameniulia mtoto.

Simu ya Pontien ikalia. Alikuwa komanda.

"Pontien, hiyo faili bado inatafuta nini mezani kwako?"

"Nasikiliza mshitakiwa, mkubwa."

"Msichana hakuhesabu watoto. Mtoto akafa. Hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza, hata wewe uliyeishia la sita unaiweza. Gari la gereza linaondoka jioni. Nataka awe ndani yake."

"Na ruhusa ya kuzika, mkubwa? Mtoto bado yuko morgue."

"Nitaitia sahihi faili ikifungwa."

Ndivyo wakubwa wanavyofanya. Maiti ya mtoto inageuzwa kamba ya kumvutia polisi mdogo. Mwaka wa mafuriko, kipindupindu kilipomchukua mke wa Pontien, wakubwa hao hao walikuja na mabango ya kufundisha watu kunawa mikono. Mabango yalibandikwa mtaa mzima. Maji ya kunawia hayakuja mpaka leo.

Akarudisha simu mfukoni. Aliyeingia gereza lile kungoja hakimu alingoja mpaka nyumbani kwao wakazoea kutomtaja.

"Aline. Watoto walitoka namna gani mu mayi?"

"Nilipiga filimbi, bakatoka. Kila muntu akakamata kambambili yake mu mustari, tukaenda kula beignet."

"Juu ya nini haukubahesabu?"

Msichana alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakutembea uchi sokoni.

"Batoto ya bantu, afande? Nibahesabu na kidole kama mbuzi? Nilijaribu mara moja, wakati nilianza kazi. Bibi moja akanikamata mukono, akasema, weye, unataka turudie nyumbani na batoto bangapi? Mama mungine akakusanya bake, akabafungia mu nyumba. Tangu ile siku niliacha."

Pontien hakuhitaji kuelezwa kwamba kuhesabu mtoto ni kumwitia kifo. Kwao pia, ukimuuliza mama ana watoto wangapi, anakwambia Mungu ndiye anajua, kisha anakuangalia mpaka uondoke. Komanda alikuwa mgeni, ametumwa kutoka mbali. Angeisoma sentensi hiyo na kucheka.

"Basi ulijuaka namna gani bote batoka?"

"Kwa kambambili. Mutoto hahesabiwi, lakini kambambili haina neno. Bakiingia mu mayi, kila muntu anaacha zake mu mustari. Bakitoka, kukibaki kintu, kuko mutoto mu mayi. Mustari ikiwa safi, bote batoka. Haijanidanganyaka hata siku moja."

"Na ile siku?"

"Ilikuwa safi, afande. Muchanga tupu. Naapa mbele ya Mungu."

"Jeancy aliingia na zake?"

"Za bluu, mupya. Alizipanga mwisho kabisa, karibu na mayi, juu alikuja nyuma ya benzake."

"Bazazi balijua hii hesabu yako?"

"Gérant alikataa nibaambie. Alisema bageni bakisikia tunahesabu sandale batatuona bashenzi."

Pontien alifunga kalamu. Kambambili zilitoka ufukweni, mtoto akabaki majini. Na kambambili hazina miguu.

"Simama. Tunaenda kule."

Walipanda pikipiki watatu, dereva mbele, Aline katikati, Pontien nyuma. Askari wa zamu alipiga kelele kwamba msichana hajarudishiwa viatu, lakini dereva alikuwa ameshatia gia. Barabara ilikuwa ya matope, mawe yaliyoshushwa na mto yamelala kila mahali. Langoni mwa kijiji cha mapumziko kulikuwa na kiboko aliyechorwa kwenye ubao, amevaa miwani, anacheka. Chini yake waliandika kwa rangi: bembea, mitumbwi, michezo ya watoto, vijumba vya familia. Mwenye mali, patron wao, alikuwa mheshimiwa mmoja anayekaa Kinshasa. Huko ziwa halimfikii.

Gérant Achille, msimamizi wa mahali, aliwapokea kwa haraka ya mtu anayetaka wageni waondoke.

"Inspecteur, tena? Minye nilishaeleza. Ni mamba. Ziwa lina mamba, kila muntu anajua. Andika mamba, familia izike, sisi tuendelee na kazi."

"Mulimuona?"

"Mamba haonekanaki."

"Nilimuona mutoto ku morgue, Achille. Hana alama ya jino hata moja kwenye mwili. Magoti yamechunika, vidole vimechunika, na chini ya kucha kuko vumbi nyeupe. Nilikwangua kidogo. Ni simenti." Akainama kukunja suruali. "Unijulishe huyo mamba yako fundi."



Pontien aling'oa mwanzi mmoja kwenye ua, akaingia majini. Mto uliomwaga matope yake jirani ulikuwa umeyachafua maji. Mkono ukizama hadi kiwiko, vidole huvioni. Mbele yake nguzo chache zilichomoza, nyeusi, zimeota mwani. Hapo palikuwa na safu ya kwanza ya vijumba kabla ziwa halijapanda. Ziwa lilipopanda, watu wa Uvira walilala mashuleni na makanisani. Mheshimiwa yeye aliagiza mbao zake zing'olewe zisioze.

Alikwenda akigonga chini kwa mwanzi. Mchanga. Mchanga. Jiwe. Maji yalikuwa ya magoti, ya kuchezea watoto kabisa. Kisha mwanzi ukapita. Ukaenda chini, mkono ukaufuata, bega likaufuata, na Pontien nusura aufuate yeye mwenyewe. Akashika nguzo. Akapapasa kwa mguu: ukingo wa saruji, mkali, wa mraba. Ndani ya mraba hakukuwa na chini.

Akatoka, maji yakimchuruzika.

"Ile ni nini?"

Achille alitazama upande wa bembea.

"Choo ya zamani. Kila nyumba ilikuwa na yake."

"Na kifuniko?"

"Tulitosha, tukakiondoa. Patron alisema bifuniko biko bizuri, tubitumie kwenye nyumba za mupya."

"Mukaacha shimo wazi chini ya mayi. Na batoto banacheza pale."

"Tuliweka miti, inspecteur! Na vitambaa vyekundu. Minye mwenyewe nilipiga ile miti na nyundo."

"Iko wapi?"

Sauti ya Achille ikashuka. "Patron alituma photographe. Kwa kutangaza. Akapiga simu, akasema ile miti inaharibu picha, inafanana na makaburi. Nilitosha. Nilisema nitarudisha."

"Picha ilipigwa lini?"

"Tangu pale mpunga ilikuwa bado mubichi."

Pontien aliandika, na maji ya mkono wake yakalowesha karatasi. Shimo alilipata. Lakini shimo peke yake halikumtoa Aline kasho. Komanda angesema: sawa, kulikuwa na shimo, na yeye hakuhesabu. Filimbi ililia, mtoto yuko shimoni, labda angali anashika ukingo. Ingebaki kambambili moja tu mchangani, Aline angerudi mbio, naye ni msichana wa Kilibula, anaogelea kama dagaa.

"Filimbi ikilia, Achille, weye ulikuwa wapi?"

"Hapa kando. Nilitoka kutembea na Papa Jeancy, ye alishapanda kwake. Nilikuwa namuonyesha mahali patron anataka kujenga piscine ya kuogelea."

"Uliokota kambambili?"

"Minye? Kazi yangu ni ya sandale?"

"Jibu."

"Hapana. Ukipenda, pekua nyumba yangu."

Pontien alimtazama sana. Mtu aliyekwisha kukiri miti hakuwa na sababu ya kuficha sandali. Alimwacha hapo, akapanda mchangani kwenda kwenye kijumba cha watu wa Sange.

Aline alikuwa amekaa chini ya kibanda cha michezo, kati ya mipira na matairi yaliyopakwa rangi. Wageni wengine waliondoka jana. Kwenye ngazi ya kijumba alisimama mwanaume mpana, ndevu hazijanyolewa. Ndiye Bonaventure, baba wa mtoto.

"Inspecteur, mumeniletea huyu hapa ya nini? Ajilie beignet zingine?"

"Papa Jeancy, pole. Ni kazi."

"Kazi yake ilikuwa moja. Moja tu! Kuangalia batoto. Minye nikipoteza ng'ombe ya muntu banikamate, na ng'ombe inanunuliwa."

"Una haki ya kusema vile."

"Sitaki haki ya kusema. Nataka afungwe."

Pontien aliomba kuingia. Ndani, Mama Jeancy, Noella, alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya begi, anakunja nguo ndogo. Alikunja, akakunjua, akakunja tena.

"Mama, pole sana."

"Asante, papa. Natafuta shati ya kumuvalisha. Hii iko na tundu. Hii ingine ye hakuipendaka."

Pontien alichuchumaa. Katikati ya nguo, zimefungwa kwa kitenge, zilionekana ncha mbili za bluu.

"Hizi je, mama?"

"Ni zake. Tulimuchagulia ku soko ya Sange, akalala nazo ku miguu."

"Ulizitosha wapi?"

"Hapa ku mulango, yulu ya ngazi. Nilizikuta saa natoka kupika." Mikono yake ilisimama. "Njo maana sikumutafuta, papa. Niliona biatu ku mulango, nikasema mutoto amerudia, iko anazunguka hapa hapa. Nilimwita, hakuitika. Nikasema ni utundu yake. Nikaendelea kumenya viazi."

Pontien akainuka. Alitoka na kambambili mkononi, akafunga mlango, ingawa kuta za mbao nyembamba zile hazikufunga kitu.

Alishuka ngazi mpaka mchangani, Bonaventure akamfuata. Aline alikuwa karibu, ameinuka. Alipoziona kambambili alishika mdomo wake.

"Papa Jeancy," alisema Pontien, "nani aliweka hizi ku mulango?"

"Minye."

"Ulizikamata wapi?"

"Pale chini." Alionyesha kwa kidevu. "Tulikuwa tunatembea na gérant, wimbi likaja, nikaona linazigusa. Zilikuwa mwisho wa zingine, karibu ya mayi. Nikasema huyu mutoto atalia zikienda. Nikazichukua, nikazipandisha."

"Jeancy alikuwa wapi?"

"Mu mayi na benzake. Nilimuona mugongo."

"Ulimwambia monitrice?"

"Nimwambie nini? Biatu ya mutoto yangu, niombe ruhusa?"

"Na filimbi?"

"Ililia nikiwa ku ngazi." Bonaventure aliangalia kutoka uso mmoja hadi mwingine. "Biatu iko na maneno gani?"

Pontien aligeuka kwa msichana. "Aline. Mweleze namna unahesabuka."

Mlango wa kasho ulikuwa mdomoni mwake. Alihitaji tu kuufungua. Aline alitikisa kichwa.

"Afande, usinisemeshe."

"Ni wewe unaenda gereza leo."

"Niende. Lakini usinisemeshe ile mbele yake."

Basi ikambidi Pontien aseme mwenyewe. Alisema polepole, kwa maneno machache, kama anavyosoma mtu asiyejua sana kusoma. Kwamba hapa watoto wa watu hawahesabiwi. Kwamba huyu msichana alihesabu kambambili badala yao. Kwamba mstari ukiwa na kitu, alirudi majini. Mstari ukiwa mtupu, aliondoka. Na juzi ulikuwa mtupu.

Bonaventure alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama chini, pale ambapo maji yalikuwa yakija na kurudi, kama anayeona kitu kimelala hapo. Mguu wake mmoja ulisogea mbele peke yake. Akakaa mchangani.

"Nilizipangusa," alisema. "Nilizipangusa na shati yangu, muchanga isiingie mu nyumba."

Akashika ncha ya shati lake.

"Kama ningeziacha ziende na mayi..."

"Papa Jeancy."

"...hata hivyo angejua. Angeona biatu zinaelea, angeuliza. Ao moja ingebaki. Wimbi haibebaki zote mbili." Aliendelea hivyo, akipanga na kupangua, mpaka Pontien akakaa chini karibu naye, suruali yake mbichi ikashika mchanga.

"Sikiliza. Kuko kintu kingine, na hii lazima uisikie leo, kesho utachelewa." Akamweleza shimo. Akamweleza vifuniko vilivyochukuliwa, na miti iliyong'olewa kwa ajili ya picha. Bonaventure aligeuza kichwa kidogo kidogo upande wa Achille, aliyekuwa amesimama mbali karibu na bembea, kisha akakirudisha. Hakuwa na hasira ya kumtosha mtu mwingine tena.

"Njo unitafutie muntu mukubwa wa kulaumu? Acha, inspecteur."

"Sikutafutii. Nakuambia namna itakuwa. Nikiandika biatu, Aline anarudia kwabo. Lakini patron ana avocat wa kumtetea. Ataruka shimo, atasoma biatu tu. Atasema ni baba. Atasema mbele ya bantu, na mama yake akiwa pale."

"Na usipoandika?"

"Aline anapanda gari jioni."

Baba wa mtoto alifikiri. Mikono yake mipana ya mkulima ilikuwa imelala juu ya magoti, viganja juu. Kwenye kibanda tairi moja lilianguka kwa upepo, na Aline, kwa mazoea ya kazi, akaliinua, akalirudisha mahali pake.

"Kamata kalamu," alisema Bonaventure. "Andika shimo mbele. Andika miti, na jina ya ule aliyeamuru, si ya gérant tu. Kisha andika minye. Bonaventure, mulimaji wa Sange, nilitosha biatu ku mustari. Usiseme 'kwa kutojua'. Bataniuliza kama nilijua, nitajibu mwenyewe."

"Na malalamiko?"

"Juu ya huyu monitrice, nayatosha."

Pontien aliandika juu ya goti, mwandiko wake mbaya wa darasa la sita, kila herufi peke yake. Akamsomea yote, kama sheria inavyotaka, tangu mwanzo. Alipofika kwenye viatu sauti yake ilipungua. Bonaventure akamwambia asome kwa nguvu. Akatia sahihi. Simu ikalia mfukoni mwa Pontien, ikalia tena. Aliitoa, akaona jina la komanda, akaizima.

"Sasa nimwambie mama yake," alisema Bonaventure, lakini hakuinuka.

Hakukuwa na haja. Mlango wa kijumba ulifunguka. Mama Jeancy alikuwa amesimama na shati lenye tundu mkononi. Ule ukuta wa mbao ulikuwa umempa kila neno. Alishuka ngazi, akampita Pontien. Akamfikia mumewe, akaweka mkono juu ya kichwa chake, mara moja tu, kama anavyogusa mtu nguzo ya nyumba gizani ajue bado ipo. Akaendelea mpaka kibandani.

Aline alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa matairi.

"Mama, nisamehe..."

"Ulikuwa unabachezesha nini?"

"Mama?"

"Ile siku. Mu mayi. Mulikuwa munacheza nini?"

"Byura, mama."

"Na ye alikuwa nani?"

"Chura. Bote balikuwa byura. Lakini ye alikuwa anaruka kushinda bote. Alikuwa anaanguka na tumbo, anakunywa mayi, anacheka, anaruka tena. Nilimwambia apumzike kidogo, akasema chura hachokaki."

"Nionyeshe."

Aline alimtazama Pontien. Pontien alikuwa amevua kofia.

Msichana akachuchumaa mchangani, akaweka viganja chini kati ya magoti, kichwa juu, machozi yakimdondoka kidevuni. Akaruka. Akaanguka na tumbo, akainuka, akajaribu kucheka alivyocheka mtoto, kicheko kikatoka kimevunjika.

Mama Jeancy alikuwa amejibana shati kifuani, akiangalia bila kupepesa.

"Tena," alisema.